Dushman, Tsotsi au Shawshank: ipi ya kumwekea aliyerudi nyumbani?

Kijana akitoka gereza la Shimo la Tewa, au akimaliza miezi yake ya kuachishwa unga wa kulevya, wiki ya kwanza nyumbani huwa ni ya wageni. Majirani wanapita kumjulia hali, shangazi analeta mahamri, kila mtu ana la kusema na hakuna anayelisema lenyewe. Wiki ya pili wageni wamekatika. Kinachobaki ni sebule, tivi na kimya kirefu baada ya isha. Hapo ndipo watu huniandikia: "Wewe mtu wa filamu, tumwekee nini?"

Filamu za mtu aliyeharibikiwa akaanza upya ziko tele, na nyingi ni mawaidha yaliyotiwa muziki. Jamaa ananyeshewa na mvua, analia, vinanda vinapanda, basi keshasamehewa. Amesamehewa na nani, haisemwi. Yule aliyeibiwa, au aliyeachiwa kovu, alitoka kwenye hadithi mapema na hakuna aliyemuulizia tena.

Sisi tuliosoma chuoni, yaani madrasa, hapa Mombasa tulifundishwa kipimo kikali zaidi kuliko hicho. Masharti ya toba mtoto anayajua mapema: uache dhambi, ujute, uazimie kutoirudia, na kama dhambi yenyewe iligusa haki za waja, umrudishie mwenyewe haki yake au umtake radhi. Matatu ya mwanzo ni baina yako na Mola wako. La nne ndilo zito, kwa sababu lina mlango wa kubisha, na nyuma ya mlango yuko mtu mwenye haki ya kutokufungulia. Jirani zangu Wakristo nao wana Zakayo, aliyeahidi kurudisha mara nne alichodhulumu, kwa hivyo kipimo hiki si cha msikitini peke yake. Mimi nazipima filamu hizi kwa hilo la nne: aliyekosewa yumo, au amefichwa?

Nimezipanga tatu ubavu kwa ubavu. Dushman ya Dulal Guha, filamu ya Kihindi ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tsotsi ya Gavin Hood, ya Afrika Kusini, 2005. The Shawshank Redemption ya Frank Darabont, ya Marekani, 1994. Nyingine kadhaa nitazigusa kwa pembeni. Miisho sitaisema.

Dushman: anayelala nyumbani kwa aliyemuua

Nianze na hii kwa sababu ndiyo isiyotajwa na vijana, nao wazee wakisikia jina lake tu wanaanza kuimba.

Inamhusu dereva wa lori. Kwa mji unaokula kwa trela za bandarini, hilo peke yake linatosha kuwakalisha watu. Surjit Singh, anayeigizwa na Rajesh Khanna enzi ambazo jina lake lilikuwa likijaza majumba ya sinema, anaishi kwa pombe, wanawake na mguu kwenye mafuta. Siku moja anamgonga mkulima, anamuua. Marehemu ndiye aliyekuwa tegemeo la nyumba. Ameacha mjane, watoto na wazee wasiojiweza. Kesi inapofika mahakamani, hakimu anajiuliza swali ambalo kila mke wa dereva kuanzia Changamwe hadi mizani ya Mariakani angeliuliza: nikimfunga huyu, wale watakula nini? Ndipo anapotoa hukumu ya ajabu. Dereva atapelekwa kijijini, akae na familia ile ile aliyoiulia baba, ailishe kwa jasho lake kwa miaka miwili.

Ukimsimulia hayo mtu wa huku hashangai kama anavyoshangaa mtu wa kwingine. Aliyeua bila kukusudia anadaiwa diya, yaani fidia ya damu, na jamaa wa marehemu wanaweza kuipokea au kusamehe. Katiba yetu ya 2010 nayo, kifungu cha 159, inazitaka mahakama zihimize upatanisho. Lakini diya ikishalipwa, mikeka hukunjwa na kila mtu akaenda zake. Dushman inamnyima dereva nafuu hiyo. Fidia inayotakiwa ni yeye mwenyewe, asubuhi na jioni, shambani kwa watu wasiotaka kumwona. Mwanzoni anatafuta njia ya kutoroka, na hapo filamu inasema kweli: mtu hageuki kwa sababu amehukumiwa kugeuka.

Mjane anaigizwa na Meena Kumari. Mtazameni yeye kuliko Khanna. Khanna ana mapozi yake, anainamisha kichwa na kukonyeza macho hata msibani. Meena Kumari hafanyi chochote. Anasimama mlangoni na shali yake kichwani, na unaona kwamba huyu mwanamke hajakubali, hajakataa, anachoka tu. Alikuwa mgonjwa wakati ule, na alifariki Machi 1972, muda mfupi baada ya filamu hii kutoka. Huenda ni kwa ajili hiyo ule uchovu haufanani na wa kuigiza.

Kasoro zake zipo na ni za wazi. Nusu ya pili inaingiza tajiri dhalimu wa kijijini, ngumi zinaanza kurushwa, na dereva anapata nafasi ya kuwa shujaa. Hilo ni njia ya mkato. Ni rahisi kumsamehe mtu aliyekuokoa na jambazi kuliko aliyekulimia tu shamba mwaka mzima bila kosa. Mumtaz naye yumo, anazunguka na sanduku lake la picha akiwachezesha watoto, na nyimbo zake zinapendeza lakini zinakutoa kabisa msibani. Hadhira ya zamani ilikuwa na subira ya hayo. Kijana wa leo atachukua simu. Mwacheni aichukue. Ataiweka chini mjane akirudi.

Kwa kipimo changu cha nne, hakuna filamu inayoifikia hii. Aliyekosewa hayumo tu ndani ya hadithi, ndiye mwenye nyumba.

Tsotsi: mtoto ndani ya mfuko wa karatasi

Hapa tunaingia Johannesburg, kwenye kitongoji cha mabati, na genge la vijana wanne. Kiongozi wao anaitwa Tsotsi, jina ambalo huko ni la kila mhuni, na jina lake la kuzaliwa hataki kulisikia. Presley Chweneyagae, aliyemwigiza, alikuwa mgeni kabisa kwenye sinema, na uso wake ni wa mtu ambaye haonyeshi lolote mpaka amekwisha kulifanya. Mwanzoni kabisa mwa filamu wanampora mzee mmoja ndani ya treni iliyojaa watu. Mzee anakufa akiwa amesimama, amebanwa na umati, hakuna aliyegundua. Nilipoiona mara ya kwanza nilikuwa na binamu zangu Kisauni, miaka ambayo magenge ya mapanga yalikuwa yakitufanya tujifungie majumbani mapema, na sebule nzima ilinyamaza. Hawakuhitaji kufafanuliwa.

Kisha Tsotsi anampiga mwanamke risasi langoni kwake, kwenye mtaa wa matajiri, na kuondoka na gari. Mbele kidogo anasikia sauti kiti cha nyuma. Kuna mtoto mchanga.

Angeweza kumwacha. Anaanza kumwacha. Halafu anamtia kwenye mfuko wa karatasi wa dukani na kutembea naye kurudi mabandani. Kuanzia hapo filamu yote ni mambo ya mikono: kijana asiyejua kumshika mtoto anajaribu kumfunga nepi kwa gazeti, anamlisha maziwa mazito ya kopo, anamficha chini ya kitanda. Anaporudi anakuta siafu wamemjaa mtoto usoni, wamefuata utamu wa maziwa. Dakika hiyo fupi inasema mengi kuhusu kuanza upya kuliko hotuba zote. Nia njema anayo, na nia hiyo hiyo imemletea mtoto siafu.

Anamwendea mwanamke mmoja kijana, Miriam, mwenye mtoto wake mgongoni, na kumlazimisha kwa bastola amnyonyeshe huyu mgeni. Terry Pheto anaicheza nafasi ile kwa utulivu wa kutisha. Miriam hutengeneza mapambo ya kuning'iniza, mengine kwa vyuma vyenye kutu, mengine kwa vipande vya vioo vya rangi. Tsotsi anamuuliza bei, anaona ni ghali mno kwa vioo vilivyovunjika. Miriam anamwonyesha mwanga unavyopita kwenye vioo na rangi zinavyomwangukia yeye mwenyewe. Bastola ingali mkononi mwa Tsotsi wakati huo, na mwongozaji hajaisahau.

Sasa kipimo. Mwanamke aliyepigwa risasi hakufa, na filamu haimfichi. Tunamwona hospitalini, tunamwona hawezi tena kutembea, tunamwona mumewe akihangaika na polisi. Kila mara tunapoanza kumpenda Tsotsi kwa kumbembeleza mtoto, tunarudishwa kwa mama anayemlilia mtoto huyo huyo. Hapo nampa Hood alama kamili. Lakini yule mzee wa kwenye treni? Alikuwa na nyumbani, kwa vyovyote. Hatuletewi mke wake, hatuletewi mtoto wake akimsubiri stesheni. Akishaanguka amekwisha. Binamu yangu mdogo ndiye aliyeuliza tukiwa tunazima tivi: "Na babu wa watu je?" Sikuwa na jibu, na nadhani filamu pia haina.

Kuna lawama nyingine ninayoikubali nusu. Tunaonyeshwa utoto wake, mama mgonjwa kitandani, baba mlevi na mkatili, mtoto akikimbilia kulala kwenye makalavati ya zege. Wengine wanasema huko ni kumtafutia udhuru. Mimi naona Hood anaenda hadi ukingoni mwa shimo hilo na kusimama. Utoto ule unaeleza kwa nini Tsotsi hawezi kukitupa kile kitoto. Haufuti risasi.

Filamu ilishinda Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka 2006. Imetoka kwenye riwaya ya Athol Fugard, lakini imehamishiwa zama zetu, na muziki wake mkali ni kwaito, muziki wa mitaa ya Afrika Kusini, wa Zola, ambaye mwenyewe yumo akiigiza bosi wa wizi wa magari. Vijana wa maskani watamjua kwa mwendo tu.

Shawshank: mtazameni Red, si Andy

Hii haihitaji kutambulishwa sana. Andy Dufresne, mfanyakazi wa benki, anafungwa maisha mwaka 1947 kwa mauaji ya mkewe na hawara wake, na anasema hakuyafanya. Ndani anakutana na Red, Morgan Freeman, anayejua kuingiza chochote kwa njia za pembeni. Ilipotoka mwaka 1994 haikuuza. Iliteuliwa kuwania Oscar saba, haikupata hata moja. Kanda za video na tivi ndizo zilizoifanya ipendwe dunia nzima, hadi vibanda vya video vya Likoni na Majengo.

Tatizo lake kwa shughuli yetu liko pale pale mwanzoni. Anayeibeba hadithi anasema hana kosa. Kwa hivyo ukiiweka mbele ya kijana anayejua vizuri alilolifanya, unamwambia nini? Kwamba ukiwa mwema na mvumilivu na ukaonewa, kuna siku? Ni ujumbe mzuri kwa aliyesingiziwa, na waliosingiziwa wapo. Wa kwetu wengi hawamo humo.

Ndiyo maana nasema mtazameni Red. Yeye alikwisha kukiri kwamba ndiye mwenye hatia pekee gerezani, kwa mzaha wake. Kila baada ya miaka kumi anaitwa mbele ya kamati inayoweza kumwachilia kabla ya wakati. Hapa wenyeji watahitaji maelezo kidogo, kwa sababu kwetu mfungwa wa kawaida hupunguziwa theluthi moja ya kifungo kwa nidhamu, hasubiri kuhojiwa na watu wenye tai. Red anawaambia wanachotaka kusikia, amerekebishika, yu mtu mpya, na wanampigia muhuri wa kukataa. Mara ya mwisho, mzee sasa, anaacha kuwapaka mafuta. Anazungumza juu ya kijana mjinga aliyekuwa yeye zamani, anatamani angeweza kukaa naye amweleze. Freeman anaisema bila kupandisha sauti, na ni moja ya dakika bora alizowahi kuzicheza.

Lakini angalia anayezungumziwa. Ni yeye mwenyewe alipokuwa kijana. Aliyemuua hatumjui jina, hatumjui uso, hatujui kama aliacha watoto. Kwa kipimo cha nne Shawshank inashika mkia, tena mbali. Ni filamu ya kujisamehe, iliyotengenezwa vizuri sana.

Mbona basi haijatoka kwenye orodha? Kwa sababu ya jambo moja ambalo mbili za kwanza hazilijui: gereza linavyomfuata mtu nje. Red anapata kazi ya kutia bidhaa mifukoni kwenye duka, na kila akitaka kwenda chooni anamwendea meneja kuomba ruhusa. Meneja anamwambia aende tu, hahitaji kuuliza. Red hawezi. Miaka arobaini ameomba. Mtu aliyetoka Shimo la Tewa akiliona hilo atacheka kicheko ambacho nyinyi wengine sebuleni hamtakielewa, na pengine ndipo atakapoanza kusimulia.

Tahadhari, tena nzito. Kuna mzee mkutubi, Brooks, aliyefungwa mwaka 1905 na kuachiliwa nusu karne baadaye, na dunia ya magari inamshinda. Hadithi yake inaishia kujinyonga, na inaonyeshwa. Kama mtu wenu ana siku za kukaa gizani asiongee, msimwekee hii bado. Pia kuna wafungwa wanaowabaka wenzao. Haionyeshwi yote, lakini inaeleweka vizuri sana, na kuna watu ambao jambo hilo si filamu kwao.

Mbele ya nani, saa ngapi, kwa lugha gani

Mengine ni ya nyumbani tu, na ndiyo yanayoharibu jioni kuliko mambo ya sanaa.

Mkianza saa mbili na nusu baada ya isha, Tsotsi, ya dakika 94, itakuwa imekwisha kabla ya saa nne na nusu hata mkisimama kupika chai. Shawshank ni dakika 142. Dushman ni ndefu kuliko zote, kwa desturi ya filamu za Kihindi za enzi zile. Hiyo igaweni usiku mara mbili, au iwekeni Jumapili mchana baada ya pilau, watu wakiwa hawana haraka ya kwenda popote.

Kwa lugha, Dushman inashinda nyumba zenye bibi. Nyanya yangu hakusoma Kihindi popote, lakini umri wake wote aliishi mji wa sinema za Kihindi, na humtafsiria anayetaka na asiyetaka. Tsotsi ina Kizulu, Kisotho, Kiafrikana na lugha yao ya mitaani vilivyochanganywa, kwa hivyo bila maandishi ya chini hamtoki. Tafuteni nakala yenye maandishi makubwa, na msimweke mzee asiyeona vizuri nyuma. Shawshank ni Kiingereza kitupu na mazungumzo ni mengi.

Nakala zilizotiwa sauti ya dijei wa Kiswahili ziacheni. Kwa filamu za ngumi nazipenda, zinachekesha kuliko filamu yenyewe. Lakini Tsotsi inasimama kwenye ukimya, na dijei akishaujaza utani hakuna filamu iliyobaki.

Aibu mbele ya wakwe: Shawshank ina tendo la ndoa mwanzoni kabisa, kabla watu hawajatulia, na wafungwa wapya wanatembezwa uchi. Matusi yamo tele. Tsotsi ina unyonyeshaji unaoonekana, ambao kwangu si aibu ila kuna baba atakayekohoa, na damu ya kutosha. Dushman ina pombe na dansi za kutikisa nyonga, ambazo wakwe wenyewe walizilipia tiketi ujanani.

Mkitaka kuionyesha nje barazani kwa vijana wa mtaa, na projekta na spika za kukodi, kumbukeni kwamba maonyesho ya hadhara yanasimamiwa na sheria ya filamu, Sura ya 222, na yanataka leseni. Ulizieni mapema. Sebuleni hakuna anayewauliza.

Zilizobaki nje

Nairobi Half Life ya 2012 hutajwa na kila mtu, kwa sababu ni ya kwetu na inaongea kama sisi. Ni filamu kali, na Joseph Wairimu anastahili sifa zote alizopewa. Ila ni hadithi ya kijana anavyoingia, anayekuja Nairobi kuwa mwigizaji akajikuta kwenye genge. Anayetaka kutoka hatapata mengi humo.

The First Grader ya 2010 ni tofauti: mzee Kimani Maruge, aliyepigana Mau Mau, aliyejiandikisha darasa la kwanza akiwa na miaka 84 baada ya elimu ya msingi kuwa ya bure. Mambo mengi ni ya kweli, na Maruge mwenyewe alifika New York mwaka 2005 kuzungumza kwenye Umoja wa Mataifa. Huyu hakumkosea mtu. Yeye ndiye aliyekosewa, na mateso ya kambi za wakoloni yanaonyeshwa kwa ukali ambao bango lake lenye watoto wanaotabasamu halikuandai. Kwa kijana anayeona haya kurudi shule au kwenda kujifunza ufundi na watoto wadogo kwake, hakuna bora kuliko hii.

Aliyependa wazo la Dushman na anayevumilia picha nyeusi na nyeupe atafute Do Aankhen Barah Haath ya V. Shantaram, 1957, ambamo msimamizi wa gereza anawatoa wauaji sita na kwenda nao kulima ardhi kavu. Shantaram aliumia jicho akipambana na fahali wakati wa kuipiga, na wazee watawaimbia dua ya Lata Mangeshkar iliyomo humo kabla hamjaianza.

Na Manchester by the Sea, 2016, ya Kenneth Lonergan. Fundi wa kuzibua vyoo na kutengeneza mabomba, kaka yake amefariki, ameachiwa mpwa wa kumlea katika mji wa wavuvi ambao yeye hawezi hata kupita barabara zake, kwa alilolifanya huko. Casey Affleck alipata Oscar. Ni filamu inayosema wengine hawapati nguvu ya kuanza upya, na kwamba bado wanaweza kumfaa mtu kwa kiasi chao. Naiheshimu sana na sijamwekea mtu yeyote aliyerudi. Iwekeni kwa ajili ya baba anayeuliza kila siku "huyu atakaa sawa lini?"

Mimi ningechagua hivi

Nyumba yenye bibi, mama na mtoto aliyerudi, na jambo ambalo halijasemwa baina yao: Dushman, usiku mara mbili. Usiku wa kwanza simamisheni pale dereva anapofika kijijini na mjane anamwona, na mlale nalo.

Vijana watupu, binamu na marafiki wa maskani, hasa kama kisu au bastola imo katika habari zao: Tsotsi. Muulizeni mmoja wao juu ya yule mzee wa kwenye treni, halafu mkae kimya, msijibu kwa niaba yake.

Shawshank nampa mtu mmoja, aliyekwisha tulia, aitazame peke yake au na yule mwenzake mmoja waliyekuwa naye ndani. Nyinyi wengine mtakuwa mnamtazamia Andy afanikiwe, na mtamkosa Red.

Na aliyekosewa, kama yu hai na anaishi mtaa wa tatu, msimwalike kwenye filamu yoyote kati ya hizi. Kwake mtu huendewa kwa miguu, na mtu mzima mmoja wa kumsindikiza, kabla ya magharibi.